Mazungumzo ya Nyumbani: Mtoto Alipewa Matone, Mbona Anahara?



Majuma machache yaliyopita mama mmoja alifika ofisini parokiani kuweka siku ya ubatizo wa mtoto wake wa miezi minane. Nilikwisha fungua kitabu na kushika kalamu, mara akasema tungoje kwanza, maana mtoto yu mgonjwa tangu jana: kila anyonyapo hutapika, na choo chake ni maji matupu. Kisha akaniuliza kwa uchungu, "Bwana Karani, kliniki nilimpeleka, matone ya kuzuia kuhara akapewa, na kadi yake hii hapa. Mbona anahara? Mama mkwe asema matone yale ni maji tu, na kwamba mtoto amebemendwa."

Nilimwambia aende zahanati saa ile ile, na maswali yatajibiwa baadaye. Leo nayajibu, kwa kuwa si yeye peke yake aulizaye.

Kuhara si ugonjwa mmoja. Huletwa na vijidudu vya namna nyingi, na matone yale (si yale ya polio, watu huyachanganya) ni kinga ya kirusi kimoja tu, kiitwacho rota. Tanzania ilianza kuyatoa mwaka 2013, na Kenya 2014, na kazi yake imeonekana, maana watoto waliokuwa wakilazwa kwa ajili ya rota wamepungua. Lakini nyumba ina mlango na dirisha. Mlango tumeufunga, apitaye dirishani ni kirusi kingine, jina lake noro.

Jina hilo limetoka mji wa Norwalk, jimbo la Ohio, Marekani. Mwaka 1968 nusu ya wanafunzi na walimu wa shule moja ya msingi huko walishikwa na kutapika na kuhara, na hakuna aliyejua kilichowapata. Ilipita miaka minne, hata mwaka 1972 mtaalamu Albert Kapikian akakiona kirusi chenyewe kwa darubini ya elektroni, katika choo kilichohifadhiwa tangu siku zile.

Wala si ugonjwa wa mbali. Tangu mwaka 2009 watoto wachanga wa nchi nane walifuatwa tangu kuzaliwa, na choo chao kikapimwa mwezi kwa mwezi. Mahali pamoja palikuwa Haydom, huku kwetu Tanzania. Ilionekana kwamba karibu watoto 9 katika 10 walikuwa wameingiwa na noro kabla ya kutimiza miaka 2. Sasa nawauliza akina bibi, kwa heshima zote: je, tuseme watoto hao wote, wa Peru, wa Nepal, wa Brazil, wa Haydom, wamebemendwa? Neno hilo limevunja amani katika nyumba nyingi, na mama aliyekesha na mgonjwa huongezewa aibu juu ya usingizi. Meno nayo husingiziwa. Mtoto huota meno katika miezi ile ile aanzapo kutambaa na kutia kila kitu kinywani, basi meno yakashtakiwa kwa kosa la mikono.

Maana njia ya noro ni mikono. Mgonjwa hutoa katika choo na matapishi yake virusi vingi visivyohesabika, na vichache sana, pengine chini ya 100, vyatosha kumwangusha mwingine. Mtoto akitapika kwa nguvu, matone madogo hurukia mkeka, kanga, kikombe. Mama afuta kwa kitambaa, akisuuza katika beseni, na beseni lile lile jioni laoshewa vyombo. Baada ya saa 12 hata 48 dada yake naye anatapika. Kisha kuna jambo watu wasilolijua: mtoto akiisha kupona na kucheza, choo chake huweza kuendelea kutoa virusi kwa majuma kadhaa. Kwa hiyo nepi ya mtoto aliyepona isidharauliwe.

Tena zile chupa za dawa ya kupaka mikononi tulizozizoea tangu siku za korona hazitoshi hapa. Kirusi cha korona kina ganda la mafuta, na spiriti huliyeyusha. Noro hana ganda hilo. Sabuni na maji ya kumimina, ukisugua hata katikati ya vidole, humwondoa. Sakafu iliyotapikiwa ifutwe kwanza, kisha ipakwe dawa ya klorini ya kufulia, kikombe 1 kwa vikombe 9 vya maji, na mtoto asiiguse. Asiye na klorini achemshe vitambaa na kuvianika juani.

Mtaniuliza, mtoto akiisha kuugua mara moja, je, hapati kinga? Huipata kwa sehemu, na hapo ndipo noro alipo mjanja. Mimi kazi yangu ni kunakili vyeti. Nikichoka jioni, huandika Yohane mahali pa Yohana, na kesho yake mtu arudi kulalamika. Noro naye hujinakili mwilini mara nyingi mno, wala hana wa kumsahihisha. Makosa mengi humwangamiza mwenyewe. Lakini mara moja moja kosa hubadili umbo lake la nje, na walinzi wa mwili waliomjua jana leo hawamtambui. Tena virusi viwili vya aina mbalimbali vikikutana katika tumbo moja huweza kubadilishana vipande, akatokea wa tatu.

Wataalamu wameupa ukoo mmoja jina GII.4. Tangu miaka ya tisini umeongoza mahali pengi duniani, ukivaa kanzu mpya kila baada ya miaka michache: 2002, 2004, 2006, 2009, na 2012 ile iliyoitwa kwa jina la mji wa Sydney. Majira ya baridi ya 2014 ukoo mwingine, GII.17, ulizuka kwa nguvu China na Japani, nao ukavuma tena Marekani na Ulaya tangu 2024. Hata hivyo si kila mtu hushikwa sawa. Wako watu, kama mmoja katika watano katika Afrika na Ulaya, waliozaliwa na matumbo ambayo GII.4 hapati pa kushika. Ndiyo sababu katika nyumba moja wote hulala chali na mmoja ala ugali wake.

Kwa mabadiliko hayo, chanjo imekuwa kazi ngumu. Hata kukiotesha kirusi hiki vizuri katika maabara hakukuwezekana mpaka mwaka 2016, huko Houston, katika vipande vidogo vya utumbo wa mtu. Mwaka 2024 chanjo iliyojaribiwa kwa watoto wachanga wa Marekani na Amerika ya Kilatini haikuwakinga.

Hukadiriwa kwamba noro huua watu kama 200,000 kila mwaka, na 50,000 kati yao ni watoto, karibu wote wa nchi maskini. Huko kwa matajiri mtoto hutapika siku mbili akapona. Kirusi ni kile kile. Kinachomwua mtoto ni kukaukiwa maji.

Basi mama asiache kunyonyesha hata kidogo. Ampe maji ya pakiti ya ORS, akisoma kwanza kama pakiti ni ya lita 1 au nusu. Akitapika, angoje dakika 10, kisha ampe tena polepole kwa kijiko. Pakiti ikikosekana: maji safi lita 1, vijiko vya chai 6 vya sukari, na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, chumvi isizidi. Vidonge vya zinki vya zahanati humezwa siku 10 hata 14, ijapokuwa kuhara kumekoma. Dawa za kukausha tumbo zisimguse mtoto, na zile za kuua bakteria hazimwui noro. Ukiona macho yamezama, utosi umebonyea, hakojoi kwa saa 6, amelegea hawezi kunyonya, au damu katika choo, usingoje asubuhi.

Yule mama alirudi Jumatatu iliyofuata, mtoto mgongoni akivuta kilemba chake. Tukaandika ubatizo. Nikamwuliza nani atapika pilau siku hiyo. Akasema shangazi mtu, ila naye ameanza kutapika tangu jana usiku. Tukasogeza tarehe mbele juma moja.