Kikaragosi si yaya

Jamani, tuache kudanganyana. Kuna imani imeingia vichwani mwa wazazi wa mjini, na imeshafika mpaka Kilwa Masoko na Kivinje: filamu ikiwa na vikaragosi, ni ya watoto. Ikiwa na ya sikukuu, ndiyo kabisa. Weka, rudishia mlango, nenda kapike pilau.

Nani kasema?

Tuanze na neno lenyewe. Karagosi limetufikia kutoka kwa Waturuki, kwa huyo Karagöz wao, sanamu la ngozi lililochezeshwa nyuma ya pazia kwa mwanga wa taa. Msimu wake mkubwa ulikuwa usiku wa Ramadhani, watu wameshafuturu, na mizaha yake ilikuwa ya kikubwa hasa: kashfa za mtaani, matusi ya kufumba, wakubwa kusemwa. Yaani vikaragosi vya sikukuu vyenye maneno mazito havikuanzia Marekani.

Wamarekani nao wana zao. Chukua The Muppet Christmas Carol ya 1992, kutoka hadithi ya Dickens ya 1843. Humo mna mizimu, minyororo, mtoto mgonjwa anayetabiriwa kufa, na mzimu wa mwisho hana hata uso. Disney walipoona kuna kitu kitawashinda watoto, mnajua walikata nini kwenye toleo la majumba ya sinema? Wimbo wa mchumba anayeachana na bahili! Mzimu wakauacha. Ilibidi tusubiri hadi 2022 wimbo urudishwe kwenye toleo kamili la mtandaoni. Kwangu mimi walikosea. Mtoto wa pwani aliyelelewa kwa hadithi za mazimwi na majini haogopi joho jeusi, na huzuni anaijua pia. Alimradi kuna bibi pembeni wa kumuuliza.

Ila ile ya 2002, It's a Very Merry Muppet Christmas Movie, ni habari nyingine. Ukumbi unageuzwa klabu ya usiku na kikaragosi anakata mauno ndani ya kizimba. Nayo inaitwa ya familia. Familia ya nani?

Kuna na wale wa upande wa pili wanaotaka zote zipigwe marufuku kwa sababu ni za Krismasi na sisi Kilwa wengi ni Waislamu. Ndugu zangu, ondoeni theluji mtazame kinachobaki: tajiri mchoyo anayefundishwa kutoa. Hilo limehubiriwa misikitini Kilwa Kisiwani karne nyingi kabla Dickens hajazaliwa.

Kinachonikera ni kwamba tunabishana juu ya chura wa kitambaa wakati siku ya Idd mtoto wa miaka sita anachukua sarafu zake za mkono wa Idd na kuingia kibanda umiza, anakaa kwenye benchi na kutazama watu wakichinjwa mpaka magharibi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ipo tangu 1976, bodi ipo. Mlangoni kinachokaguliwa ni sarafu tu.

Na lugha je? Watafsiri wa kanda kama Lufufu walituonyesha kwamba filamu ya kigeni ikisimuliwa kwa Kiswahili kibanda kizima kinaelewa. Za watoto sijasikia aliyezihangaikia hivyo. Mtoto anaachwa acheke midomo inayofunguka na kufunga.

Inawezekana, tumeshaona. Afrika Kusini mwaka 2002 walimtoa Kami, kikaragosi yatima anayeishi na virusi vya UKIMWI, na watoto wakampenda. Hapa kwetu tulikuwa na Kilimani Sesame, vikaragosi wakifundisha kwa Kiswahili habari za malaria na chandarua. Utafiti uliochapishwa 2010 ulionyesha watoto waliokifuatilia zaidi walifanya vizuri zaidi kwenye kusoma, kuhesabu na kuijua malaria.

Sasa nataka cha Idd. Kikaragosi wa Kivinje, mwenye baraghashia yake ya sikukuu, anayegombania kaimati na dada yake. Kitolewe bure kwa wenye vibanda, kionyeshwe asubuhi kabla ya hizo bunduki. Na msiniambie pesa hakuna. Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha wilaya hii hii ya Kilwa, inafua umeme Dar tangu 2004, na studio zenu ziko huko huko Dar.