Acheni kuingia kwenye mfumo kwa jina la nesi

SEHEMU YA 1

Leo siongelei homa wala maziwa. Naongelea ile kompyuta iliyopo pale kliniki, na nitaongea kwa ukali kidogo, mnivumilie. Zipo sehemu 8, someni zote kabla ya kunishambulia.

Siku hizi ukimleta mtoto, chanjo yake inaandikwa kwenye kadi yako, inaandikwa kwenye kitabu cha MTUHA, halafu vituo vingi vinaiingiza tena kwenye mfumo wa kompyuta. Kazi moja mara tatu, na foleni mnaijua wenyewe. Sasa wapo watu wa ofisini wamepata njia ya mkato. Wanatengeneza programu ndogo ndani ya Excel, inafungua ukurasa wa mfumo, inajaza jina la nesi na paswedi yake, inaingia, halafu inamwaga data yenyewe usiku kucha. Kwenye vikao wanapigiwa makofi.

Mimi sipigi. Anayetaka kompyuta imsaidie kazi, sawa kabisa, imsaidie. Ila asiingie kwa jina langu wala la mwenzangu. Na msidhani ni ugomvi wa wafanyakazi. Anayeumia mwisho wa siku ni mtoto wako.

SEHEMU YA 2

Kwanza tuelewane hicho kitu kinafanyaje kazi. Lugha inayotumika ni Visual Basic. Microsoft waliitoa mwaka 1991, wakati baadhi yenu hamjazaliwa. Mwaka 1993 wakaingiza aina yake ndani ya Excel, na hiyo ipo mpaka leo. Ndo maana karibu kila ofisi yenye Excel inaweza kuitumia bila kununua chochote. Programu ndogo ikiandikwa humo inaitwa makro.

Makro inafungua kivinjari, na nyingi ziliandikwa kwa ajili ya Internet Explorer, kile kivinjari ambacho Microsoft wenyewe walikistaafisha tarehe 15 Juni 2022. Inasubiri ukurasa ufunguke. Inatafuta kiboksi cha jina, inaandika jina. Kiboksi cha paswedi, inaandika paswedi. Inabonyeza kitufe. Ikishaingia inasoma orodha mstari kwa mstari: mtoto huyu, chanjo hii, tarehe hii, hifadhi. Mtoto anayefuata.

Ni kama mtu anayetembea gizani nyumbani kwake kwa kuhesabu hatua. Ukisogeza meza, anajigonga. Tofauti ni kwamba mtu akijigonga anasimama. Makro si lazima isimame, kwa sababu Visual Basic ina amri moja maarufu, On Error Resume Next. Maana yake ni hii: likitokea kosa, usisimame, nenda mstari unaofuata.

Hebu mniwazie mimi nikifanya kazi hivyo wodini. Sindano imeanguka chini, endelea. Dawa siyo hii, endelea. Mtoto siye huyu, endelea. Mngekubali?

SEHEMU YA 3

Jambo lenyewe limenipata, ndo maana naliongelea. Kituo sikitaji.

Akaunti zetu zilifunguliwa na ofisi. Paswedi zikapangwa na ofisi, zikabaki kwenye faili la ofisi. Tukauliza kama tunaweza kuzibadili, tukaambiwa tusisumbue, mambo yatavurugika. Baadaye nikaenda likizo ya uzazi, zile siku 84. Niko nyumbani na kichanga, nalala kwa vipande vya saa moja moja kama mnavyojua. Huku kwenye mfumo jina langu liko kazini, linaingiza chanjo saa 8 usiku.

Nimerudi, akaja mama mmoja na mtoto wa miezi 4. Mfumo unaonyesha mtoto amemaliza Penta zote 3. Kadi inaonyesha 2. Aliyekuwa zamu akataka kumrudisha nyumbani, maana mfumo umesema. Yule mama akagoma, akasema, "Sista, mimi ndo nambeba huyu mtoto, nisijue amechomwa mara ngapi?" Tukafungua kitabu cha MTUHA, tukakuta mtoto hayumo kabisa kwa tarehe ile. Akapewa chanjo yake siku hiyohiyo.

Ilikuwaje? Mtandao ulikuwa unasuasua usiku ule. Ukurasa wa mtoto anayefuata haukufunguka. Makro ikaambiwa endelea, ikaendelea. Ikamwaga chanjo za mtoto wa mstari wa chini kwenye ukurasa wa mtoto wa mstari wa juu, ambao ulikuwa bado wazi. Yaani mmoja akaandikiwa chanjo ambayo hajapata, na mwingine aliyechomwa kweli akaonekana hajachomwa. Watoto 2 kwa kosa moja, na hakuna kengele iliyolia.

Aliyeandikiwa barua ya kujieleza nani? Mimi. Kwa sababu jina ni langu.

SEHEMU YA 4

Chuoni tulifundishwa kabla ya kumgusa mgonjwa tuhakikishe vitu 5: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, muda sahihi. Ukimaliza unaandika na unatia sahihi. Sahihi ile inasema nilikuwepo, niliona, nimefanya, na mkiniuliza nitajibu. Kwa ajili ya sahihi ile nina leseni, na leseni inaweza kuchukuliwa.

Paswedi ndo sahihi yangu kwenye kompyuta. Hakuna mganga mfawidhi atakayekubali mtu wa ofisini aige sahihi yake kwenye hundi eti kwa sababu yuko bize. Sasa kwa nini ya nesi iigwe kila usiku na tuambiwe ni ubunifu?

Na wewe mama unapoteza nini hapo? Unapoteza mtu wa kumuuliza. Mtoto akionekana amechomwa na hajachomwa, unataka kujua nani aliandika na aliona nini. Mfumo utakutajia nesi ambaye siku hiyo alikuwa ananyonyesha nyumbani kwake. Aliyeandika kweli ni faili la Excel, na faili haliitwi ofisini.

Penta inamkinga mtoto na magonjwa 5: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B, na Hib, ile bakteria inayoleta nimonia na uti wa mgongo. Inatolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Dozi ikipotelea kwenye kompyuta, kifaduro hakisomi kompyuta.

SEHEMU YA 5

Kuna jambo jingine hawalisemi kwenye vikao. Ili makro iingie, paswedi lazima iwe imewekwa mahali itakapoisoma. Mara nyingi imeandikwa wazi humohumo ndani ya faili. Wanasema wamelifunga. Jamani, kufuli la makro za Excel linafunguliwa na kijana yeyote mwenye intaneti na dakika chache. Na faili lenyewe linatembea kwenye flashi, linatumwa kwa barua pepe, linabaki kwenye kompyuta inayotumiwa na kila mtu.

Msidhani haya ni ya vituo vyetu vidogo tu. Septemba 2022 kampuni ya Uber ilivamiwa. Aliyejitangaza kuwa ndiye mvamizi alidai alikuta kwenye mafaili ya pamoja ya kampuni skripti yenye jina na paswedi ya msimamizi, akapata njia ya kufungua mifumo mingine. Ile ni kampuni yenye wataalamu wa kompyuta tele. Mwaka huohuo Microsoft walianza kuzuia makro zinazotoka mtandaoni zisifunguke zenyewe, kwa sababu wahalifu walikuwa wanazitumia sana kuingiza virusi vya kompyuta.

Sasa fikirieni mtu akiingia kwa jina la nesi anaona nini. Anaona jina lako, namba yako ya simu, mtaa wako, mimba ngapi, watoto wangapi. Anaona na yale uliyoniambia kwa sauti ya chini mlango ukiwa umefungwa. Kama mtoto wako yuko kwenye ufuatiliaji kwa sababu mama ana VVU, anaiona na hiyo. Uliniambia mimi, hukuliambia faili.

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya wana ya kwao ya mwaka 2019. Taarifa za afya zinahesabiwa kuwa nyeti. Zinatakiwa zilindwe, na mwenye taarifa ana haki ya kuomba kuziona na kuomba zirekebishwe zikikosewa.

SEHEMU YA 6

Najua majibu yao, nimeyasikia yote.

"Manesi ni wachache, kuandika mara tatu hakuwezekani." Kweli kabisa! Mimi ndo ninayeandika mara tatu, siwezi kubisha. Lakini dawa yake ni kupunguza kuandika au kuongeza watu. Kuiga sahihi yangu hakujaniongezea mkono hata mmoja. Kumeniongezea barua ya kujieleza.

"Manesi mnaogopa teknolojia." Hapana. Mimi nataka mashine ifanye kazi, ila ifanye kwa jina lake. Chukua DHIS2, mfumo unaoendelezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo kule Norway, ambao unatumika Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine nyingi kukusanya takwimu za afya. Una mlango maalumu wa kupokea data kutoka programu nyingine. Programu haihitaji kufungua kivinjari na kujifanya mtu anayechapa. Inafunguliwa akaunti yake yenyewe, inapewa ruhusa ya kufanya kitu kimoja tu, na kila mstari ilioingiza unaonekana umeingizwa na mashine. Ikikosea inasimama, inaandika imekwama wapi. Asubuhi mtu mwenye jina na zamu analinganisha na kitabu, anathibitisha.

"Hatuna bajeti." Kufungua akaunti moja zaidi kwenye mfumo siyo kujenga jengo. Na kufuta ile amri ya kuruka makosa ni mstari mmoja.

"Mpaka sasa haijaua mtu." Hili ndo linanikera kuliko yote. Kliniki ya watoto wachanga hatusubiri mtu afe ndo tujue kitu ni hatari. Na mtoto akiugua surua miaka 2 baadaye, nani atarudi kutafuta ni usiku gani kompyuta iliruka mstari?

Tena takwimu hizi ndizo zinazoangaliwa wakati wa kuagiza chanjo. Chupa ya chanjo ya surua na rubela yenye dozi 10 ikishachanganywa inatakiwa itumike ndani ya saa 6, inayobaki inamwagwa. Mnajua wenyewe tunavyowaomba msubiri au mrudi siku nyingine ili watoto wafike idadi. Hesabu zikiwa za uongo, kuna mama atatembea na mtoto mgongoni aje aambiwe zimeisha.

SEHEMU YA 7

Wewe mama ufanye nini?

Kadi usiitupe. Hata ukiambiwa siku hizi kila kitu kiko kwenye mfumo, tunza kadi, na kila baada ya chanjo ipige picha kwa simu.

Kabla hujaondoka mezani, soma kilichoandikwa. Chanjo gani, tarehe gani, imesainiwa. Penta wiki ya 6, 10 na 14. Surua na rubela miezi 9 na miezi 18. Usione aibu kuuliza, hiyo ni haki yako, na nesi mzuri hakasiriki.

Ukiambiwa mfumo unaonyesha mtoto ameshachanjwa na kadi inasema hapana, usikubali kuondoka hivihivi. Sema kwa heshima, "Sista, naomba tuangalie kwenye kitabu." Kisha omba mfumo urekebishwe ukiwa hapohapo, siyo "tutarekebisha baadaye."

Kama kituo chenu kina kamati yenye wawakilishi wa wananchi, wapelekeeni swali moja: je, programu inayoingiza data inaingia kwa jina la nani? Swali hilo moja tu. Mtaona watu wanavyotazamana.

SEHEMU YA 8

La mwisho, maana tabia hii haiko hospitali tu. Mnapokwenda steshenari kuombewa cheti cha kuzaliwa cha mtoto au mkopo wa chuo wa mdogo wako, yule kijana anakufungulia akaunti, anakuchagulia paswedi, anakuandikia kwenye faili lake pamoja na za wateja wengine. Unamwona mwema, anakukumbukia. Lakini anayekaa na paswedi yako anaweza kuwa wewe muda wowote anaotaka, na siku faili likiibiwa mwizi naye atakuwa wewe. Ukitoka pale badilisha paswedi mwenyewe kwa simu yako. Kama huwezi, mwombe mtu wa nyumbani unayemwamini akuonyeshe.

Na nyie wakubwa wa vituo, najua mnasoma hapa, wake zenu wananifuata. Siwaombi mzime kompyuta. Fungueni akaunti ya mashine, futeni paswedi zetu kwenye mafaili yenu, kila nesi apange ya kwake. Na zile data zilizoingizwa usiku kwa majina yetu zilinganisheni upya na vitabu, mtoto mmoja mmoja. Wapo watoto mtaani sasa hivi wanaoonekana wamekamilika na hawajakamilika, na mama zao hawajui kwa sababu waliambiwa mfumo umesema.

Mama, leo jioni toa kadi uiangalie. Ukiona kuna pengo usisubiri tarehe ya kliniki, nenda kesho. Mtumie na mwenzako mwenye mtoto mdogo. Maswali andikeni hapo chini, nitajibu nikitoka zamu.