Gari la Mfano Lisilofuata Sheria ni Pambo Tu

Wazee wametuachia neno: kazi mbi si mchezo mwema. Kwa neno hilo najua wako watakaonicheka leo, kwani nataka kuzungumza juu ya watu wazima wa Ayalandi, baadhi yao wana wajukuu, ambao jioni zao huzimaliza wakiendesha magari ya moshi madogo, injini moja haizidi urefu wa kiganja na vidole. Nawaomba wasomaji wenye kucheka wangoje kidogo. Rai yangu ni kwamba mchezo huu ukichezwa sawasawa ni kazi, tena kazi ya kuhifadhi amana. Na ukichezwa ovyo si kazi wala si mchezo, ni pambo la mezani.

Kwanza tuijue reli yenyewe. Sisi wa Mombasa tunajua kwamba reli si upana mmoja. Ile ya zamani ina upana wa mita moja kamili, na hii mpya iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017 ina milimita 1435. Ayalandi, tangu miaka ya 1840, walishika upana wao wa milimita 1600, mpana kuliko wa jirani zao Waingereza. Sasa fundi wa magari ya mfano akitaka kuipunguza reli hiyo kwa kipimo kinachotumiwa sana huko, yaani moja kwa sabini na sita, apaswa kuweka vyuma vyake mbali kwa milimita 21. Lakini njia zinazouzwa madukani zina milimita 16 na nusu. Basi wengi hununua hizo, wakavumilia gari la Kiayalandi kusimama juu ya reli nyembamba. Wachache hujitengenezea njia zao wenyewe, taruma kwa taruma. Ugomvi wa makundi haya mawili ni wa miaka mingi.

Pili tuzijue injini. Sisi hata leo twasema gari la moshi, ijapokuwa moshi wa makaa ulikwisha zamani. Katika Jamhuri ya Ayalandi shirika la reli, CIÉ, liliacha kutumia mvuke katika kazi zake za kila siku mwaka 1963. Mwaka 1955 zilianza kufika injini 60 za dizeli zilizoitwa daraja la A, zilizoundwa Uingereza na Metropolitan-Vickers, zikiwa na mashine za Crossley. Mashine hizo ziliwasumbua mno: zilitoa moshi, zilitingishika, ziliharibika njiani. Hatimaye, kati ya 1968 na 1971, zikatolewa, zikatiwa mashine za General Motors za Marekani, na injini zile zile zikatumika miaka mingi mingine.

General Motors walikuwa tayari wameingia Ayalandi tangu 1961, walipoleta injini 15 za daraja la 121. Hizi zilikuwa na chumba cha dereva upande mmoja tu. Dereva akienda na chumba mbele, mambo mazuri. Akirudi na pua ndefu mbele, haoni njia vizuri. Kwa hiyo ilibidi injini igeuzwe juu ya meza ya kugeuzia, kama zile za mvuke zilivyogeuzwa. Walipoagiza nyingine 37 za daraja la 141, zilizofika kuanzia 1962, walitaka vyumba viwili, mbele na nyuma.

Nimelitaja jambo hili kwa makusudi. Mtu anaweza kununua kijigari cha daraja la 121, kimepakwa rangi barabara, hata sauti ya mashine imerekodiwa na kutiwa ndani yake. Akikiweka juu ya reli ya duara kikazunguka usiku kucha, atakuwa amejifunza nini? Hakuna. Lakini akiweka stesheni mbili na njia moja kati yake, akaamua kuendesha kama walivyoendesha wenyewe, mara ataulizwa na njia yenyewe: injini hii utaigeuza wapi? Hapo ndipo atakapofahamu kwa nini meza za kugeuzia ziliendelea kutakiwa, na kwa nini mafundi walibadili michoro yao. Kile alichokuwa akikitazama tu sasa amekielewa.

Na si injini tu. Reli nyingi za Ayalandi ni za njia moja, na kwa miaka mingi dereva hakuruhusiwa kuingia sehemu ya njia hiyo mpaka awe na fimbo yake mkononi. Mashine za umeme zilizounganisha stesheni mbili zilitoa fimbo moja tu kwa wakati mmoja, ili magari mawili yasikutane uso kwa uso. Sheria za namna hii si urasimu. Mnamo tarehe 12 Juni 1889, karibu na mji wa Armagh, gari lililojaa watu waliokwenda matembezini, wengi wao watoto, lilishindwa kupanda kilima. Wafanyakazi wakaligawa, mabehewa ya nyuma yakarudi chini yakagonga gari lililokuwa likifuata. Walikufa watu 80. Mwaka huo huo ikatungwa sheria kulazimisha magari ya abiria yawe na breki za kujifunga zenyewe katika mabehewa yote, na njia igawanywe ili magari mawili yasiwe katika sehemu moja. Kila sheria ya reli ina maiti nyuma yake. Mwenye kuifuata hata mezani kwake, anaikumbuka sababu yake.

Haya hawakuanza leo. Cyril Fry, mhandisi na mchoraji katika karakana ya reli ya Inchicore, Dublin, alitengeneza kwa mikono yake injini na mabehewa mengi ya mfano, akifuata michoro ya zile za kweli. Kazi yake leo inaonekana katika jumba la makumbusho huko Malahide, lililofunguliwa mwaka 2020. Siku hizi viwanda vinatoa magari ya Kiayalandi yaliyo tayari, hata lile daraja la A. Wako wanaolalamika kwamba ufundi umekufa. Mimi sikubaliani nao. Anayenunua hana dhambi. Dhambi ni kununua na kuacha hapo. Na ukiniuliza nani bora, yule mwenye milimita 21 kamili ambaye gari lake lazunguka tu, au yule mwenye njia nyembamba ya dukani lakini haondoki stesheni bila fimbo, nitamchagua huyu wa pili bila kusita.

Sisi watu wa pwani tunaijua tofauti hiyo. Kuna kijahazi kinachotundikwa hotelini, kimeng'arishwa, tanga lake halijaonja upepo. Na kuna kidau kibovu alichochonga mtoto wa Lamu, kinachokwenda na upepo na kupinduka, akakitoa majini akakisawazisha tena. Ni kipi kitakachomfundisha mtu bahari?

Injini ya chuma huweza kuwekwa makumbusho ikadumu miaka mia. Kazi haiwekwi makumbusho; hukaa vichwani mwa watu, nao watu huondoka. Waliokuwa wakiendesha gari la abiria kwenye reli yetu ya mita moja baina ya Mombasa na Nairobi, mpaka 2017, wengi wamekwisha stahafu, nasi tunapishana nao misikitini na barazani. Wanajua gari lilipishana wapi na jingine, na ni mlima gani ulioitoa injini jasho. Waayalandi wamewauliza wazee wao, wakayatia majibu mezani yakawa yanakwenda. Wetu nao waulizwe, maadamu wapo.