Beki akivunjika mguu asitemwe kama jezi kuukuu

Sakata la Feisal Salum na Yanga lilipotua mbele ya Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, Januari 2023, kila kijiwe kiligeuka chumba cha wanasheria. Lakini beki wa timu ya daraja la chini akivunjika mguu, kijiwe kimya. Dirisha la usajili likifunguliwa jina lake halipo, na swali linabaki moja tu: nani kaletwa kuziba pengo?

Jambo hili linawagusa sana vijana wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa. Kijana anatoka Liuli au Mbamba Bay, anapanda Mbinga, kisha Songea, akisaka timu ya kumlipa. Wapo wanaosajiliwa kwa maneno matupu: posho kidogo, chumba cha kulala, "mengine tutaongea." Goti likichanika, wa kuongea naye haonekani.

Mchezaji anayelipwa mshahara ni mfanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema wazi kwamba ulemavu si sababu halali ya kumfukuza mtu kazi. Aliyetimiza miezi sita kazini ana likizo ya ugonjwa ya siku 126, siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu mshahara. Kanuni za 2007 nazo zinamtaka mwajiri apime kwanza: jeraha ni la muda au la kudumu? Je, kuna kazi nyingine anayoiweza? Na kama kaumia kazini, mwajiri anatakiwa amjali zaidi.

Kazi nyingine zipo. Aliyeshindwa kurudi uwanjani anaweza kufundisha watoto au kutunza vifaa. Tembo Warriors, timu ya taifa ya wenye ulemavu wa viungo, ilicheza robo fainali ya Kombe la Dunia Uturuki mwaka 2022. Nani bado anasema mguu mmoja ndiyo mwisho wa mpira?

Viongozi hupenda kutishia kwamba mambo ya mpira hayapelekwi mahakamani. Hata kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zinaacha mlango wazi kwa migogoro ya ajira. Na mkataba wa maandishi ukikosekana, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia mwajiri, siyo mchezaji.

Mtego uko kwenye saa. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanapaswa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Akichelewa, lazima kwanza aombe kuongezewa muda kwa sababu za msingi. Siku 30 zinaisha mguu ukiwa bado kwenye plasta, na kutoka Mbamba Bay hadi Songea ni zaidi ya kilomita 150. Hapo ndipo timu inaposhinda bila kugusa mpira.

Chama cha soka cha mkoa kisipokee usajili wa mchezaji anayelipwa bila mkataba wa maandishi na bima. Hilo halihitaji sheria mpya. Na mashabiki wanaochangishana nauli kwenda kuishangilia timu ugenini, safari moja wachange ya beki wao kwenda CMA, kabla siku ya 30 haijapita.