Hata Mawe Tunanyang'anywa Tukiwa Macho

Nimetumiwa tena ile video. Safari hii na mtu mzima, baba wa watoto, msomi. Inaanza kwa kudai kuta za Great Zimbabwe zilijengwa na Wafoinike. Inaishia kwa viumbe wa sayari nyingine. Yaani kiumbe wa angani anaaminika, ndugu yangu. Mshona, mwenyeji wa Zimbabwe, haaminiki!

Nimechoka.

Jina lenyewe ni la Kishona: dzimba dza mabwe. Unahitaji mkalimani? Dzimba ni nyumba. Mabwe ni mawe. Jina linakuita kwa lugha iliyo jirani kabisa na ya bibi yako, nawe unaulizia Wafoinike!

Kilimani pale, karibu na Masvingo nchini Zimbabwe, watu walipanga mawe ya graniti kati ya majabali bila kuyashika kwa udongo wala chokaa. Upande wa mashariki, patakatifu, wakasimamisha ndege wa mawe. Bondeni kuna ukuta unaofika mita 11. Kazi ya karne kadhaa, kuanzia ya 11. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na vilivyoundwa vina waundaji, hata kama hawakuacha sahihi.

Mwaka 1889 mwindaji Willi Posselt alipanda kilima kile, akang'oa ndege mmoja, akamwuzia Cecil Rhodes, kinara wa ukoloni wa Waingereza. Mwaka 1891 akaja mtafiti Mwingereza Theodore Bent, akamwona kila mtu kuwa mjenzi isipokuwa Mwafrika. Mwaka 1895 ikaundwa kampuni nzima ya kuchakura dhahabu katika magofu mengine ya eneo hilo.

Kisha, mwaka 1902, Great Zimbabwe yenyewe ikapata mtunzaji, Richard Hall. Mtunzaji! Akafukua matabaka ya udongo na kuyatupa, eti ni uchafu wa Waafrika uliofunika kazi ya wenye akili. Kumbe habari zote zilikuwa humo: nani alipika nini, chungu kipi kilivunjika, zama zipi. Ndege aliyeuzwa anaweza kurudi. Udongo ule haurudi. Haurudi!

Wachimbaji wa kweli walikwisha kusema. David Randall-MacIver mwaka 1905, Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929: waliojenga ni Waafrika. Walowezi wa Kizungu wakaziba masikio, maana wakikiri hilo, wangedaije kuwa walikuta pori?

Walowezi nawaelewa. Walikuwa na shamba la kulinda. Wewe unalinda nini?

Usidhani haya ni ya Washona peke yao. Humo magofuni ilikutwa sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa, yule wa jumba la Husuni Kubwa. Dhahabu ya bara ilipita bandari ya Sofala ikaitajirisha Kilwa. Sasa nenda Kilwa Kisiwani, sikiliza wageni wakisema "magofu ya Waarabu", na wenyeji wakiitikia kwa kichwa. Mkataa kwao mtumwa, na huyu hata hakununuliwa. Kajitoa bure!

Nilimwuliza yule jamaa wa video: "mabwe" kwa Kiswahili ni nini?

Amenijibu kwa video nyingine. Hii ni ya piramidi.