Kifaa kikiharibika Sikuda, fundi yuko ng'ambo: matengenezo yanavyokwama katika sheria za mpakani

UCHAMBUZI

Mfanyabiashara mdogo wa Sikuda, nje kidogo ya mji wa Busia upande wa Uganda, hana ofisi wala karakana. Ana simu inayopokea malipo ya wateja, ana friza ndogo ya soda na maziwa, na nyumbani ana pasi, redio na taa ya sola. Kimoja kikizima, biashara ya siku hiyo inayumba. Simu isipowaka, pesa ya mteja wa Kenya haifiki. Friza ikisimama usiku, asubuhi maziwa yamekatika.

Mtu wa namna hiyo kwanza hujiuliza kama atatengeneza au atanunua kipya. Kwa anayeishi mpakani liko swali lingine: spea na fundi wapo upande gani? Mara nyingi bei nzuri, au fundi anayeaminika, yuko ng'ambo. Hapo ndipo jambo la nyumbani linapogeuka kuwa jambo la forodha, na ndipo wengi wanapopoteza fedha kwa kutojua sheria inasemaje.

Mpaka umefunguka, lakini kwa bidhaa gani?

Februari 24, 2018, Rais Yoweri Museveni na Rais Uhuru Kenyatta walizindua Kituo cha Huduma kwa Pamoja cha Busia. Tangu hapo mizigo na abiria hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili upande mmoja, badala ya kusimama mara mbili. Kwa mchuuzi wa mahindi, maharage au ndizi, nafuu nyingine ni Utaratibu Rahisi wa Biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani na hautozwi ushuru wa forodha.

Neno la kuangalia hapo ni uasili. Cheti hicho ni cha bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya. Pasi iliyotengenezwa China haiwi ya Kenya kwa sababu imenunuliwa Busia au Nairobi, na skrini ya simu iliyotoka Dubai haiwi ya Uganda kwa sababu imelala wiki mbili dukani Kampala. Anayevuka na katoni ya spea za namna hiyo hana haki ya cheti, hata kama thamani yake ni dola 200 tu. Anatakiwa kuitangaza na kulipa kodi za nchi anakoipeleka.

Kosa la pili linatokana na VAT. Kenya inatoza asilimia 16, Uganda asilimia 18. Wapo wanaodhani kwamba risiti yenye VAT ya Kenya inawalinda wakifika upande wa Uganda. Haiwalindi. Kodi hiyo hutozwa na nchi ambako bidhaa itatumika, na risiti ya upande wa kwanza inasaidia tu kuthibitisha bei uliyonunulia. Hilo si jambo dogo, kwa sababu ofisa asiyeona risiti atakadiria thamani mwenyewe.

Dalili za mabadiliko zipo. Uganda ilifungua kiwanda cha simu cha SIMI huko Namanve mwaka 2019, na Kenya ikazindua kiwanda cha kuunganisha simu Athi River Oktoba 2023. Simu za viwanda hivyo zinaweza kuvuka kama bidhaa za Jumuiya iwapo zitatimiza kanuni za uasili. Lakini spea nyingi zilizo kwenye meza za mafundi wetu bado zinatoka nje ya Afrika Mashariki.

Friji yako isigeuke kuwa mtumba

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye vifaa vilivyotumika. Katika bajeti yake ya mwaka 2009/10, Uganda ilitangaza marufuku ya kuingiza friji, friza, televisheni na kompyuta zilizotumika. Sababu zilizotolewa zilihusu mazingira: taka zenye sumu, na gesi za friji kuukuu zinazoharibu tabaka la ozoni.

Sasa chukua mfano wa mama wa Sikuda ambaye friza yake imekufa, na fundi anayemwamini yuko Busia ya Kenya. Anaipakia kwenye mkokoteni, inavuka, inatengenezwa, na baada ya siku nne anairudisha. Machoni pa ofisa wa zamu, hiyo ni friza iliyotumika inayoingia Uganda. Mwenyewe anajua ni mali yake iliyokuwa jikoni kwake wiki iliyopita, lakini hana karatasi ya kuthibitisha. Akizuiwa, atabishana, atalipa asichostahili kulipa, au safari ijayo atapita njia ya panya.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 haikulisahau jambo hili. Inatambua bidhaa zinazotoka kwa muda kwenda kutengenezwa kisha zikarudi, na zile zinazoingia kwa muda kwa kazi maalumu. Tatizo ni kwamba taratibu hizo ziliandikwa zikimfikiria mwenye kiwanda anayepeleka mtambo, mwenye wakala wa forodha na dhamana. Hazikumfikiria mtu mwenye friza moja kwenye mkokoteni. Kwa sasa kinga yake ni moja: aitangaze friza kabla haijavuka, namba yake iandikwe, na abaki na nakala yenye mhuri.

Upande wa Kenya nao masharti yanabana. Mwishoni mwa 2024 mamlaka zilitangaza kuwa kuanzia Januari 1, 2025 namba ya utambulisho ya kila simu inayoingizwa nchini, ile ya IMEI, itangazwe kwa ajili ya kodi. Hatua hiyo ikapingwa mahakamani. Kabla ya hapo, muswada wa fedha wa 2024 ulikuwa na tozo ya mazingira iliyogusa vifaa vya umeme, ukaondolewa baada ya maandamano ya Juni. Mwaka huohuo zikatoka kanuni zinazomtaka mzalishaji na mwagizaji wa bidhaa kubeba gharama ya taka zake. Gharama hizo zikishushwa hadi kwa mnunuzi, kifaa kipya kitapanda bei na kutengeneza cha zamani kutazidi kuwa na maana.

Hesabu ya nyumbani

Kabla ya kuvuka mpaka, yapo yanayomalizika nyumbani. Nchi zote mbili zinatumia umeme wa volti 240 na plagi ileile ya miguu mitatu bapa yenye fyuzi ndani, kwa hiyo plagi au waya wa upande mmoja unafaa upande wa pili bila kubadilisha chochote.

Anza na fyuzi. Gawanya wati zilizoandikwa kwenye kifaa kwa 240. Pasi ya wati 1,200 inavuta ampea 5. Birika la wati 2,000 linavuta zaidi kidogo ya 8, kwa hiyo linataka fyuzi ya 13. Redio inatosheka na fyuzi ya 3. Anayeziba nafasi ya fyuzi kwa waya wa shaba au karatasi ya sigara ameondoa kinga ya nyumba yake ili aokoe sarafu chache. Baada ya fyuzi, kagua waya pale unapoingia kwenye kifaa, maana hapo ndipo hukatika kwa kukunjwa kila siku. Simu isiyochaji, mara nyingi tundu lake limejaa vumbi na nyuzi za mfukoni; izime, ulisafishe kwa kijiti kikavu, kisha ujaribu chaji nyingine kabla ya kununua betri.

Friji na friza huumia sana umeme unapokatika na kurudi ghafla. Kompresa ikilazimishwa kuwaka wakati shinikizo la gesi halijashuka, hukwama na kuungua. Ndiyo maana ya vile vifaa vya kulinda friji vinavyosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme upite. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na kompresa.

Lakini yapo ya kumwachia fundi. Tanuri la maikrowevu na televisheni ya kizamani yenye kioo kinene hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa. Friji nyingi mpya zina gesi inayoshika moto. Betri ya simu iliyovimba haitobolewi wala haichajiwi tena.

Taka zinabaki kwa nani?

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilisema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizokusanywa na kurejelezwa rasmi. Kwa Afrika kiwango hicho hakifiki hata asilimia 1. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria ya haki ya kutengenezewa vifaa, itakayoanza kutumika Julai 31, 2026, inayowabana watengenezaji wa bidhaa kadhaa wakubali kuzitengeneza kwa bei ya haki. Afrika Mashariki, ambako fundi wa kibandani ndiye anayeweka vifaa hai, bado haina sheria ya pamoja inayomtambua.

Mambo matatu yanawezekana bila kusubiri mkataba mpya. Kwanza, maofisa wa Busia na Malaba wakubaliane fomu moja ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ya kifaa cha nyumbani kinachovuka kwenda kutengenezwa, yenye namba ya kifaa na siku ya kurudi. Pili, kamati zinazopitia orodha ya Utaratibu Rahisi wa Biashara zijadili spea za thamani ndogo zilizokwisha kulipiwa ushuru katika nchi mojawapo, ili mtu asilipe mara mbili kwa betri kumi. Tatu, vyeti vya ufundi vinavyotolewa kwa kupima kazi ya mikono vitambuliwe pande zote mbili, ili mteja ajue anampa nani simu yake.

Mpaka hayo yafanyike, mfanyabiashara ajilinde mwenyewe. Piga picha ya kifaa na namba yake kabla hujavuka. Dai risiti hata kwa fyuzi. Ukiwa na shaka, uliza kwenye dawati la taarifa za biashara kabla ya kununua, maana ukishalipia huna nguvu ya kujadiliana. Na ukipiga hesabu ya matengenezo, usiishie kwenye bei ya spea na ya fundi: ongeza nauli, kodi, na mauzo ya siku zote ambazo kibanda kitakaa bila friza.