Anayetaka Kuacha Pombe Msindikize, Usimtangaze



Leo tuongee jambo ambalo barazani kwetu husemwa kwa kunong'ona: pombe. Usiniambie ati "sisi Waislamu hatunywi". Wewe unajua na mimi najua. Kuna kijana anayekwenda mangweni Magharibi ikiadhiniwa, kuna mzee mwenye kichupa chini ya kiti cha gari, na kuna dada ambaye hakuna anayemshuku. Wote hao ni wetu.

Mwaka jana kaka mmoja wa mtaani alinifuata baada ya Isha, akaniambia, "Nimechoka, nataka kuacha, lakini sijui niende wapi." Wallahi hata mimi sikujua. Kazi yangu ni kuandaa vikao vya ardhi na vitambulisho, lakini swali hilo lilinishinda. Ikabidi nitafute. Niliyoyapata ni haya, yaweke, yatakufaa wewe ama jirani yako.

Kwanza, simu. NACADA, mamlaka ya serikali inayoshughulikia ulevi na dawa za kulevya, ina nambari 1192. Ni bure. Waambie uko mtaa gani, uombe ushauri na uulize kituo cha karibu.

Pili, vikundi vya Alcoholics Anonymous, kwa kifupi AA. Vilianza Marekani mwaka 1935, na hapa Kenya vipo. Ni watu waliosumbuliwa na pombe wanaokaa pamoja, kila mmoja anaeleza yake na wengine wanasikiza. Hakuna ada, na jina moja latosha. Sharti ni moja tu: uwe unataka kuacha. Mikutano mingine ni ya wazi, hata ndugu au rafiki anaweza kuingia. Mingine ni ya wenye tatizo peke yao. Familia nazo zina vikundi vyao, vinaitwa Al-Anon. Kabla hujatoka nyumbani, hakikisha siku, saa na mahali, manake mikutano huhama. Kama uko mbali na mji, kuna mikutano ya mtandaoni.

Tatu, na hili usilipuuze: aliyekunywa sana kila siku kwa miaka asiache ghafla peke yake. Anaweza kutetemeka, kushikwa na degedege, kuona vitu visivyokuwepo, na wengine hufa. Aanzie hospitali, daktari amwangalie, kisha kikundi kifuate.

Sasa nirudi kwa kaka yetu. Mkutano tuliupata, ukumbi ni wa kanisa. Siku ya kwanza alifika getini, akarudi. Ya pili vilevile. Nikadhani ni kwa sababu ya kanisa. Kumbe aliogopa mtu wa mtaa amwone, halafu Ijumaa iwe ndiyo habari ya baraza. Yaani pombe alikuwa tayari kuikabili, midomo yetu ndiyo iliyomshinda. Mara ya tatu nilipanda naye tuktuk, nikamsubiri nje kwa mama wa mahamri, saa nzima. Alipotoka aliniambia, "Kumbe si mimi peke yangu." Mwezi wa Rajab aliteleza, akanywa. Wiki iliyofuata akarudi kikundini mwenyewe, bila mimi.

Kuna atakayeuliza, vipi Muislamu akae kwenye ukumbi wa kanisa? AA si dini wala si mali ya kanisa. Wanakutana pale wanapopata nafasi. Ni kweli mazungumzo yao yanataja kumtegemea Mungu, kila mtu kwa anavyomjua, na mikutano mingine hufungwa kwa dua. Wewe omba yako kimya kimya. Lakini nami nina swali: kama hatutaki watu wetu waende huko, chumba chetu kiko wapi? Madrasa ngapi hubaki tupu baada ya Isha? Kikundi hakihitaji bajeti kubwa. Kinahitaji chumba, saa isiyobadilika, birika la chai na watu wanaojua kutunza siri.

Tukumbuke pombe yenyewe haikuharamishwa kwa siku moja, iliharamishwa kwa hatua. Na katika Bukhari kuna kisa cha mtu aliyekuwa akiletwa mbele ya Mtume (SAW) mara kwa mara kwa ulevi. Mtu mmoja akamlaani. Mtume akakataza asilaaniwe, akawajulisha kwamba yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu alipewa, laana ilikataliwa. Sisi leo tunatanguliza laana, na msaada hatuna.

Kwa hivyo maimamu na kamati za misikiti, toeni chumba, hata kwa jioni moja kwa wiki. Wewe mwenye ndugu anayehangaika, piga 1192 leo, usingoje Ramadhani. Na wewe unayesoma hii kwa siri, hujachelewa. Kama unaogopa kwenda peke yako, tutumie ujumbe wa faragha. Tutakusindikiza mpaka mlangoni, tutakungoja nje, na jina lako halitatoka kwetu.